Pikipiki ililala Manyovu, lokesheni ikalala Burundi

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja hapa kibandani kwangu Mwanga, Kigoma, mwalimu mstaafu, kashika simu kama mtu aliyeshika barua ya wito wa mahakama, na nyuma yake kasimama dogo wa bodaboda kanuna. Mwalimu ana pikipiki ya mkataba, dogo anampelekea hesabu elfu kumi kila siku mpaka muda ukiisha pikipiki inakuwa yake, na kwenye ile karatasi waliandikiana pikipiki isivuke mpaka. Sasa mwalimu ananionyesha ramani, kuna mstari umetoka Kigoma mjini umepanda vizuri tu kwenda Manyovu, kule mpakani, halafu saa tatu usiku alama ya pikipiki inaruka, inaenda kukaa upande wa Burundi, inakaa huko mpaka alfajiri, halafu inarudi Manyovu kama hamna kilichotokea.

"Fundi, wewe ndo mtu wa simu, hebu mwambie huyu kijana kama GPS huwa inasingizia watu."

Dogo anaapa. "Haki ya Mungu mwalimu, nililala kwa mama mdogo, pikipiki niliingiza sebuleni, mpigie mwenyewe umuulize." Mwalimu anasema mama mdogo wa nani, mama mdogo ni ndugu yako atasema unachotaka, mashine haina ndugu.

Nikaomba simu. Ile apu ya kufuatilia pikipiki ina ramani nzuri ya rangi lakini ukibonyeza kila nukta kuna maandishi madogo ya kijivu ambayo nadhani tangu mwalimu afungiwe kile kifaa hajawahi kuyafungua. Nikaanza kushuka nayo moja moja. Saa mbili na dakika hamsini, setilaiti 9. Nukta inayofuata, setilaiti 11. Nyingine, 10. Halafu saa tatu na dakika nne, setilaiti 0, na pembeni yake herufi tatu, LBS. Nukta zote za usiku ule ni hivyo hivyo, sifuri na LBS, sifuri na LBS, na zote ziko kwenye namba zile zile za ramani, hakuna hata tarakimu ya mwisho iliyosogea. Hapo ndo nikajua. GPS ya kweli hata ukiiacha mezani usiku kucha inatikisika, mara imesogea mita mbili huku, mara tatu kule. Kitu ambacho hakijatikisika hata kidogo kwa masaa tisa sio pikipiki, huo ni mnara.

Maana yake nini. Dogo alipoingiza pikipiki ndani chini ya bati, kifaa kikapoteza setilaiti. Kikipoteza hakisemi sijui nilipo, kinatafuta njia ya pili, ndo hiyo LBS, kinaangalia kimeshika mnara gani wa simu, kinatuma namba ya mnara, na kompyuta inayopokea huko inatafuta ule mnara uko wapi kwenye orodha yake, inaichukua pikipiki inaitupa hapo hapo kwenye mnara. Na pale Manyovu nani asiyejua, ukisimama sehemu iliyoinuka simu inanasa mtandao wa ng'ambo kuliko wa kwetu, saa ya simu inarudi nyuma saa moja nzima sababu Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja, watu wanachelewa basi la asubuhi. Kila mnara unatangaza namba ya nchi yake, sisi 640, Burundi 642, Kongo 630. Nikamwonyesha mwalimu ile namba ndefu ya mnara, inaanza 642. Pikipiki ililala Manyovu, mnara ndo ulikuwa Burundi.

Mwalimu akaniuliza swali zuri sana ambalo ndo limenifanya niandike haya yote. Akasema sasa kama haikujua, mbona imechora?

Mimi ni fundi simu, nakaa na kelele za wateja kutwa, na kati ya malalamiko yanayokuja hapa "GPS ya simu yangu imekufa" haikosi hata wiki moja. Na nikiangalia, ile GPS yenyewe ni nadra sana kuwa ndo mgonjwa. Kilicho kigonjwa ni hiki tunachokiita lokesheni, ambacho ni chungu kimoja kimepikwa vitu vinne tofauti, setilaiti, minara, waifai za jirani na makadirio ya simu yenyewe, halafu kinapakuliwa sahani moja, kadoa kamoja ka bluu. Kwenye apu kama ile ya mwalimu, doa la setilaiti 11 na doa la mnara mmoja ulioko kilomita 8 yanafanana. Rangi ile ile, ukubwa ule ule. Simu inajua kabisa lini inajua na lini inabahatisha, imeandikwa humo ndani, lakini waliotengeneza apu za hivyo wameona ukionyeshwa utachanganyikiwa, basi wanakuonyesha uhakika ambao hawana.

Tuanze na setilaiti maana watu wanaisingizia sana. Zile za GPS ni za Wamarekani, ziko juu kilomita kama 20,200, zinazofanya kazi ni 30 na kitu, na kila moja inazunguka dunia mara mbili kwa siku. Warusi wana zao GLONASS, Ulaya wana Galileo, Wachina wana BeiDou ambayo ilikamilika kwa dunia nzima mwaka 2020, na simu nyingi za saivi hata hizi za bei yetu zinasikiliza zaidi ya mfumo mmoja. Nasema zinasikiliza kwa makusudi. Simu yako haitumi kitu chochote kwenda setilaiti. Inasikiliza tu kama redio. Setilaiti inasema mimi ni fulani, niko hapa, na saa hizi ni saa fulani, simu inapima tangazo limechelewa kiasi gani kufika, sehemu ndogo sana ya sekunde, inazidisha na kasi ya mwanga, inapata umbali. Ukipata umbali wa setilaiti tatu ungejua ulipo, ila saa ya simu ni ya bei rahisi haiaminiki, kwahiyo inahitajika ya nne ili kusahihisha saa. Ndo maana hata saa ya simu yako ikirudi nyuma kwa ajili ya mnara wa Burundi, GPS haijali, ina saa yake.

Kwa hiyo mahali ni saa. Hili jambo sisi watu wa Ujiji tungepaswa kulijua kuliko wote. Stanley alipomkuta Livingstone hapo Ujiji mwaka 1871, wazungu wengi waliopita njia ya Tabora kuja huku enzi hizo walikuwa wanatembea na saa maalum, sio kwa ajili ya kuwahi mahali, kwa ajili ya kujua walipo. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa moja, yaani uzi mmoja kwa dakika 4, na huku kwetu karibu na ikweta uzi mmoja ni kilomita kama 111. Saa ikikosea dakika moja umejiweka kilomita karibu 28 pembeni. Na zile saa zilikuwa zimebebwa na wapagazi toka pwani, zimeanguka, zimelowa, nyingine zilisimama kabisa. Livingstone mwenyewe alikuwa kapoteza hata hesabu ya siku, ndo maana mpaka leo tarehe ya kukutana kwao inabishaniwa. Mtu hajui leo ni tarehe ngapi, halafu anachora ramani ya Afrika! Saivi setilaiti ina saa ya atomiki, ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde ni mita 300, na hawairuhusu ikosee hivyo, inasahihishwa toka chini kila siku.

Basi hilo ndo dude ambalo mteja ananiambia limekufa kwa sababu hana bando.

Hii ya bando nimeichoka. Watu wengi sana hapa mjini wanaamini GPS inakula data, data ikiisha na GPS imeisha. Nenda kawaulize wavuvi wa dagaa pale Kibirizi. Kuna jamaa yangu ana mtumbwi wa taa, simu yake ni ya kawaida tu, kioo kimepasuka kona mbili nimemwambia abadilishe hataki, anaifunga kwenye mfuko wa nailoni, anaingia nayo ziwani usiku giza la mwezi. Huko katikati ya Tanganyika mtandao hamna, au ukiwepo ni wa Kongo, na GPS inamshikia kama gundi. Hakuna bati, hakuna mwembe, hakuna ukuta, mbingu nzima iko wazi. Anaweka alama alipopata dagaa jana, leo anarudi pale pale. Kinachokosekana ni ramani, maana kioo chote ni bluu, doa la bluu kwenye bluu, lakini lile doa ni la kweli kuliko doa lolote utakalolipata ukiwa umekaa hotelini Kigoma mjini na waifai imejaa. Nimemwekea apu ya ramani za kushusha kabisa kwenye simu, hizi zinazotumia OpenStreetMap, ile ramani huru inayochorwa na watu wa kujitolea, angalau anaona ufukwe.

Bando linasaidia kitu kimoja, kuwahi. Setilaiti inatangaza mahali ilipo kwa spidi ya kobe, biti 50 kwa sekunde, inachukua nusu dakika kusikia taarifa za setilaiti moja na ukipita chini ya mti katikati ya sentensi inabidi usubiri irudie, na orodha nzima ya setilaiti zote inachukua dakika 12 na nusu. Mwenye bando simu yake inashusha hizo taarifa mtandaoni mara moja. Kwahiyo asiye na bando anatakiwa awe na kitu ambacho watu wa Kigoma hatuna tukishika simu, subira. Anawasha, anatembea, anaingia dukani, anatoka, anasema haishiki.

Nikipata mteja wa hivyo namtoa nje ya kibanda, tunavuka barabara tunasimama penye uwazi, nafungua apu ya kupimia naye anaangalia. Mara ya kwanza inaandika usahihi mita 1,400. Hiyo ni minara. Tunasubiri. Mita 1,400. Anaanza kuguna. Inashuka ghafla 65, halafu 30, halafu 18, halafu 9, inakuja kukaa kwenye 5, imechukua kama dakika moja. Namwambia umeona, sasa ile lokesheni uliyomtumia bodaboda jana uliituma ikiwa kwenye 1,400, ulituma Mwanga nzima na nusu ya Katubuka, ukamtukana mwenzako kwamba hajui mji.

Na apu za kutumiana meseji zinaandika, chini ya ile sehemu ya kutuma lokesheni kuna maneno madogo, sahihi hadi mita kadhaa. Nani anasoma? Kitu pekee chenye ukweli pale kimeandikwa kwa herufi za kusomea miwani.

Na hata ile 5 tusiiabudu. Wamarekani wenyewe wanaoiendesha GPS wanasema simu ikiwa kwenye uwazi huwa inapata ndani ya mita 4.9, hiyo ndo hali nzuri. Na kwenye Android ule usahihi unaoandikwa maana yake ni asilimia 68, yaani ukipima mara tatu, karibu mara moja unaweza ukawa nje kabisa ya duara la hizo mita. Sio mpaka wa mwisho, ni mpaka wa mara nyingi. Sasa linganisha na namba zinazokuja ukimtumia mtu mahali kwa namba, utaona nukta halafu tarakimu sita au saba mbele yake. Tarakimu ya tano tu ni mita moja. Ya saba ni sentimita. Simu ambayo haijui uko upande gani wa barabara inakuandikia sentimita. Mimi naita huo ni uongo wa kuvaa tai.

Ingekuwa ni ishu ya bodaboda tu ningenyamaza, lakini watu wameanza kupimia viwanja. Nimeletewa hapa ugomvi wa ndugu wawili, wamegawana kiwanja cha 20 kwa 20, mmoja kashusha apu ya kupimia eneo, kazunguka na simu mkononi kaona mwenzake kamwingilia mita 3. Kaka, simu yenyewe inakosea mita 5 ikiwa imefurahi, kwenye kiwanja cha 20 hiyo ni robo ya kiwanja! Na kuna balaa lingine chini yake ambalo mpima yeyote atakwambia, ramani nyingi za zamani za serikali huku Afrika Mashariki zilichorwa kwa kipimo kinaitwa Arc 1960, simu inatumia WGS 84, ukichukua namba kwenye ramani ya zamani ukaziingiza kwenye simu bila kugeuza utaangukia pembeni karibu mita 300. Umeingia kwa jirani wa tatu. Niliwaambia wale ndugu tafuteni bikoni, bikoni ya zege haina apdeti. Sijui kama walinisikia.

Sasa nije kwenye waifai maana hapa nina kesi yangu mwenyewe. Simu ikiwa ndani haioni setilaiti, inaangalia majina na namba za waifai zilizo karibu, inalinganisha na kumbukumbu za mahali ambapo waifai hizo zilionekana na simu za watu wengine. Dar hiyo kitu ni tamu sana maana kila ghorofa ina waifai 40. Hapa kwetu mtaa mzima unaweza ukawa na mbili. Mimi ruta yangu nilinunua kwa jamaa aliyehama toka Tabora, alikuwa anaitumia huko Ipuli, nikaifunga hapa kibandani. Wiki ya kwanza kila anayeingia dukani kwangu na simu yake anahamishiwa Tabora. Kilomita kama 400 za reli kwa hatua mbili. Kuna mteja mmoja mkewe alikuwa anamfuatilia kwa lokesheni ya moja kwa moja, sitasema zaidi, ila alipigiwa simu akiwa hapo kwenye benchi langu akaulizwa Tabora umefika saa ngapi na umelala kwa nani. Ikabidi mimi niongee na shemeji, naye akasema na wewe fundi nani kakulipa. Ilichukua kama wiki kadhaa mpaka simu za wapita njia zikaizoesha dunia kwamba ile ruta imehama.

Ona hapo, ruta ile ile Dar isingemsumbua mtu. Kungekuwa na nyingine 39 za kuipinga. Hapa ilikuwa peke yake, shahidi mmoja, na shahidi mmoja akisema uongo hamna wa kumkanusha. Hii ndo tofauti ya mji mkubwa na sisi, wenye apu wanatengeneza kitu wakikijaribu sehemu ambapo makosa yanafutana, halafu wanakileta kwenye sehemu ambapo kosa moja linabaki kuwa ukweli.

Tena juu ya lokesheni kuna ramani yenyewe, ambayo ni kitu kingine lakini mteja hatofautishi na simlaumu. Mwaka 2022 tulifanyiwa operesheni ya anwani za makazi, nyumba ikapata namba, mtaa ukapata kibao. Nyumbani kwangu namba ipo, imepigwa kabisa mlangoni. Nikiiandika kwenye apu ya ramani ninayotumia inanipeleka katikati ya mji, penye mzunguko, inaniambia umefika. Namba ipo kwa serikali, nyumba ipo chini ya mwembe, ramani ya mfanyabiashara haijaambiwa. Dar walikuwa na Ramani Huria, vijana wa vyuo na wananchi wakachora kata zinazofurika kwenye OpenStreetMap kuanzia 2015, mitaro, vichochoro, kila kitu. Ujiji ina mitaa mikongwe kuliko sehemu kubwa ya Dar na ukiikuza kwenye simu unaona barabara tatu na msikiti.

Kwenye simu zenyewe makosa yapo pia, nisijifanye. Setingi ya kubana chaji inaua lokesheni kimya kimya. Simu za saivi ukifungua apu mpya zinakuuliza unataka mahali kamili au pa kukadiria, na mtu kwa haraka kabonyeza pa kukadiria, halafu anakuja hapa analia. Kava zenye sumaku zinavuruga dira, unatembea kwenda ziwani mshale unaangalia Kasulu. Na sisi mafundi, antena ya GPS kwenye simu nyingi iko kwenye mfuniko wa nyuma au fremu, inagusana na bodi kwa visipringi vidogo kama kucha ya mtoto, ukibadilisha hausingi ukaweka ya bei rahisi vile visipringi havigusi. Mimi nimeshafanya hivyo, mwaka juzi, simu ya dada mmoja wa sokoni, nikamrudishia simu inang'aa kama mpya na kiziwi. Alirudi mara tatu ndo nikagundua. Sikumtoza.

Lakini hayo ni ya kutengenezeka. Lisilotengenezeka kibandani kwangu ni lile swali la mwalimu, mbona imechora. Maana angalia nani analipa. Kampuni iliyofunga kile kifaa haikupoteza hata shilingi. Mwalimu alikuwa anakaribia kumnyang'anya dogo pikipiki, hesabu ya miezi inaondoka hivi hivi. Yule bodaboda aliyetumiwa lokesheni ya mita 1,400 analipia mafuta ya kuzunguka Katubuka na anapewa nyota moja juu yake. Kosa linatengenezwa juu linashuka chini kutafuta asiye na kauli, na likimfikia linakuwa limeshavaa ramani ya rangi, utabishana vipi na ramani ya rangi. Zamani mwenye chombo angesema nimesikia ulivuka mpaka, ungemuuliza nani kasema. Saivi nani kasema? Kasema GPS. Na GPS yenyewe, masikini, usiku ule ilikaa kimya kabisa. Ilisema sifuri.

Kuchora duara badala ya doa sio kazi ngumu. Ile taarifa ipo, nimeisoma mwenyewe kwa macho yangu kwenye kijivu. Usiku ule ramani ingepaka duara la kilomita kadhaa limekalia Manyovu na Burundi kwa pamoja, mwalimu angeona mwenyewe kwamba hajui, asingekuja kwangu. Au ingeacha patupu. Patupu ni jibu, sisi wote tumewahi kuulizwa kitu tukasema sijui na tukaendelea kuheshimika.

Nilimweleza mwalimu hivyo hivyo kwa taratibu, na kwa kuwa ni mwalimu alielewa, hata akachukua karatasi akaandika 640 na 642. Halafu akavua miwani akaniangalia. "Kwahiyo unasema hakuvuka." Nikamwambia hapana mwalimu, nasema huu sio ushahidi kwamba alivuka, alikuwa wapi usiku ule mimi sijui, na hiki kifaa hakijui, anayejua ni yeye na mama mdogo wake. Dogo akaniangalia vibaya, nadhani alitegemea nimsafishe kabisa. Ila mimi nikianza kusema nisichokijua nitakuwa na tofauti gani na ile apu.

Wakamalizana kienyeji. Dogo kabaki na pikipiki, ila mwalimu kaongeza kipengele kwenye karatasi, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, kuanzia leo pikipiki ilale nje penye anga la wazi ili kifaa kione setilaiti muda wote. Nilijaribu kumwambia hamna haja, inatosha kusoma ile safu ya setilaiti tu uone kama ni sifuri, hakutaka, alisema mimi ni mtu mzima sitakesha nasoma herufi za kijivu.

Juzi nimemkuta dogo pale stendi kainamia tenki, macho mekundu. Nikamuuliza vipi. Akasema fundi, mtaani kwetu wameiba pikipiki mbili tangu mwezi uanze, na yangu iko uani chini ya nyota, kila nikisikia mbwa naamka nachungulia dirishani. Nikamwomba simu nikaangalia. Usiku kucha setilaiti 11, 12, 10, 11, safi kabisa, mita 4. Mwalimu analala vizuri siku hizi.